Papa Ameifunga Vyuma VTT Yangu ya Kwanza

Kwako Maman Adolphine, unayetusikiliza kila juma gazetini,

Nakuomba unisome hadi mwisho, kwa sababu shida yangu ikielezwa kwa ufupi watu hucheka, na hata mimi nilicheka siku ya kwanza, lakini sasa ni wiki ya tano nimeacha kucheka, na nimefika mahali pa kuwadanganya watu ninaowapenda, mmoja wao akiwa baba aliyenizaa.

Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja hapa Bukavu, nina miaka thelathini na sita, nimezaliwa karibu na Lwiro, na baba yangu ni Papa Alphonse, ila kutoka Kavumu hadi Katana hakuna anayemwita hivyo, wote wanamwita Papa Rustine kwa sababu ya vile viraka vya mpira anavyobandika kwenye mipira ya ndani ya vélo, yaani baiskeli, kazi aliyoifanya zaidi ya miaka arobaini chini ya kibanda cha mabati kando ya barabara. Wafanyakazi wa kituo cha utafiti cha Lwiro, makatekista, wauza makala, wabeba miwa, wote walipita kwake. Nilipokuwa mtoto alikuwa ananipa beseni la maji na mpira uliojazwa upepo, nautia majini polepole nikitafuta mahali povu linapotoka, na nikilipata anasema kwa sauti ili wateja wasikie, "Munaona? Uyu daktari wangu ameona kidonda," nami najiona mkubwa kuliko mkurugenzi wa shule.

Yeye mwenyewe alikuwa na vélo nyeusi, nzito, ya zamani, na Jumamosi alinipakia nyuma, maman yangu Colombe, Mungu amrehemu, anakunja kitenge chake mara nne na kukiweka juu ya porte-bagages, kile kichanja cha mizigo, ili vyuma visiniumize, halafu tunaanza kupanda, na pale mlima unapokaza papa anashuka na kusukuma, mimi nimekaa, nikitaka kushuka anakataa, "Bakia, mutoto, hauna uzito," na huku jasho linamtiririka shingoni, mpaka tunafika juu, anapumua, anapanda tena, anainua miguu yote miwili kutoka kwenye pedali na tunateremka yeye akiimba kwa Mashi, lugha yetu, ukungu wa asubuhi ukitupiga usoni, mimi nimeng'ang'ania koti lake. Nimesoma, nimeoa, nimepata kazi, lakini Maman Adolphine, furaha ya mteremko ule sijaipata tena.

Ndiyo maana mwaka jana nilipoona kundi la watu wa rika langu wanaopanda vélo kila Jumamosi kwenye vijia vya milima ya Kabare, si kwa kubeba mzigo bali kwa furaha tu, moyo wangu uliruka. Kiongozi wao anaitwa Thierry, mtu mpole, nikamuuliza mtu anayeanza anunue nini, akaniambia nisikimbilie zile za bei rahisi zenye springi mbele na nyuma, ni nzito na zinachoka haraka, mtu anayeanza anahitaji VTT, vélo ya milimani, ya kawaida tu, fremu ya aluminium inayolingana na urefu wake, matairi mapana yenye meno, breki za sahani, na fourche, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inayocheza, yaani inayobonyea gurudumu likigonga jiwe na kurudi juu yenyewe, ili mikono isife ganzi na gurudumu lisiruke nje ya njia. Nikajinyima mwaka mzima, nikaipata, ya rangi ya kijani, na kabla ya kuipanda hata mara moja nikataka papa aione.

Hapa lazima ujue kwamba tangu maman afariki papa alikuwa amefunga kibanda. Dada yangu mdogo Christine, anayekaa naye, alikuwa ananiambia kwamba anashinda na redio tu, bugali anaigusa na kuiacha. Nilifika na vélo juu ya gari ya rafiki, nikaiegemeza ukutani, nikamwambia, "Papa, iyi njo vélo yangu mupya, ubakie nayo mpaka nitarudia," tukala, nikapanda gari kurudi mjini kwa sababu nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mvua zikanyesha, barabara ikaharibika, nikarudi baada ya wiki mbili.

Nilimkuta amesimama mbele ya kibanda kilichofunguliwa, amevaa salopette yake ya bluu ya kazi ambayo nilikuwa sijaiona tangu mazishi, na VTT yangu iko kando yake inang'aa mafuta. Alikuwa ameifunga vyuma viwili vya béton, vile vya kujengea nyumba, kutoka kwenye ekseli ya gurudumu la mbele hadi chini ya usukani, kimoja kila upande, vimepindwa kwa moto, vimekazwa kwa nati chini na kuchomelewa kwenye kola ya chuma juu, jinsi zinavyofungwa vélo zote za makala kwetu. Ekseli yenyewe aliitoa, akaweka nyingine ya nati kutoka vélo ya zamani. Nyuma aliweka porte-bagages inayoweza kubeba mbuzi wawili. Fourche ilikuwa haichezi tena hata kidogo.

"Mwana, bale batu ba magazini balikuibia," aliniambia. "Iyi fourche ilikuwa inacheza! Ukiikamata inashuka, ukiiachilia inapanda. Sasa njo vélo gani ile? Nikasema, hapana, mwana wangu hatavunjika meno juu ya bale bezi. Nilifunga yote. Ata uweke mifuko mbili ya makala, haitatikisika."

Alisukuma usukani kwa uzito wake wote kunionyesha, na kweli haikutikisika, akanitazama na yale macho yake yenye ukungu wa uzee, akingoja. Ningesema nini? Nikasema, "Aksanti sana, papa. Sasa iko nguvu." Huo ndio uongo wa kwanza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda nayo kwa wenzangu, wakalala chini kwa kicheko. "Placide, ndugu yangu, tulisema ulete VTT, weye unatuletea chukudu?" Nilicheka nao, maana chukudu ni ile ya mbao ya kusukumia mizigo. Lakini kwenye mteremko wa kwanza wenye mawe gurudumu la mbele lilidunda, nikaanguka, nikapanda tena, nikaanguka tena, na Thierry akaacha mzaha, akanishika bega. "Na iyi usishuke tena, ndugu. Itakutupa siku moja vibaya." Tangu siku ile nawaambia vélo iko kwa fundi.

Ningekwenda mara moja kumwambia papa ukweli, ila Christine alinipigia simu. "Yaya, kaka yangu, haujue kenye kinafanyika huku. Batu baliona ile vélo, bakasema, kumbe Papa Rustine angali anaweza? Sasa beko banamuletea vélo zabo. Leo alifunga tatu. Na anakula, yaya! Bugali anamaliza, anaomba ingine." Nililia kwenye simu, Maman Adolphine, nakuambia wazi. Na katika furaha ile nikafanya ujinga wa pili: papa alitaka kuniona niko juu ya milima na vélo yake, nikaisukuma kwa miguu mpaka kwenye kilima kimoja, nikamwomba mke wangu anipige picha nimesimama kishujaa, nikaituma. Christine akaichapisha. Sasa iko ukutani pale kibandani, na kila mteja anaonyeshwa: mwana wangu, na vyuma vyangu, kule juu.

Baada ya majuma matatu kundi letu litapanda boti kwenda Idjwi, siku mbili kwenye vijia vya kisiwa, safari ya kwanza ya sisi tunaoanza, na nimeitamani kuliko ninavyoweza kuandika. Rafiki mmoja ananiambia kuna mchomeleaji mtaani Kadutu atakayekata ile kola na kuitia nati kwa dakika kumi, vyuma nivifiche chini ya kitanda, na kila nikienda kumsalimia papa nivikaze tena kabla ya kufika Kavumu, mzee ataishi na amani yake nami na mteremko wangu. Mke wangu anasema huo ni uongo wenye huruma. Lakini najiona nikikaza zile nati pembeni ya barabara kama mwizi. Nikimwambia ukweli, naogopa atafunga kibanda tena na kurudi kwenye redio. Nisipomwambia, namfanya mzee wangu mchezo. Nifanye nini, maman?

Placide, Bukavu

*

Placide mwanangu,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na kwenye wale mbuzi wawili nilicheka, unisamehe. Kisha nikarudi juu ya barua, kwa sababu kuna mahali umepita mbio mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Umeandika: nikaiegemeza ukutani, tukala, nikapanda gari. Mwalimu mzima! Wanafunzi wako huwezi kuwawashia moto kabla ya kuwaonyesha chupa moja moja, lakini fundi wa miaka arobaini unamletea kitu ambacho hajawahi kukiona, na humpi hata dakika tano za kumweleza. Angejuaje? Maisha yake yote, fourche inayotikisika ni fourche inayokufa. Mteja akija nayo anaifunga, na mteja yule anafika nyumbani na meno yake yote. Papa yako aliona mwanawe ameuziwa kifo, akainuka kutoka kwenye redio na huzuni yake, akatafuta vyuma, akawasha moto. Kosa la vélo hii ni lako, na nalitaja mapema ili tusizunguke.

Pole, lakini. Najua mtu anavyoweza kuduwaa mbele ya mzee anayengoja kusifiwa. Neno aksanti linatoka lenyewe, na ulikuwa na deni la aksanti kweli, kwa yale mapenzi. Sikulaumu kwa siku ile. Nakulaumu kwa wiki tano.

Unaogopa ukweli utamwaibisha mbele ya wateja wake mpaka afunge kibanda. Hebu fikiri kidogo, kemia haijakuharibu kichwa. Wale watu wanabeba nini? Makala, miwa, maharage ya soko la Katana. Chukua VTT yako jinsi ilivyotoka dukani, ipakie mifuko miwili ya makala, uone kama itamaliza hata kilomita moja. Wao wanahitaji vile vyuma, na papa yako ndiye anayejua kuvikunja. Hakuna mteja hata mmoja aliyedanganywa. Kazi yake ni nzuri kwa vélo zao na mbaya kwa yako, basi, na hilo mtu wa kazi analielewa kabla hujamaliza sentensi. Wewe unamwona kama yai. Mtu aliyesukuma vélo na mtoto juu yake mpaka kileleni si yai.

Na huyo rafiki na mchomeleaji wake, mwambie akae na ushauri wake. Kukaza vyuma kabla ya Kavumu! Unadhani fundi hatambui nati iliyofunguliwa na mkono mwingine? Atainama kuisalimia vélo yake kabla ya kukusalimia wewe, atapitisha kidole, na atajua. Halafu hatakuambia. Hapo ndipo naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nitakueleza jambo ambalo sijaliandika katika gazeti hili kwa miaka yote hii.

Papa yangu alikuwa fundi wa cherehani hapa Kadutu. Nilipoolewa alinishonea gauni kwa mikono yake, alikaa nalo majuma, na nilipolijaribu asubuhi ya ndoa mabega yalinibana hata kuinua glasi sikuweza. Sikumwambia. Nilisema namhurumia, neno lile lile la mke wako. Nilikwenda nalo kanisani, halafu kabla ya karamu nikapitia kwa rafiki yangu Consolate, nikavaa gauni la kuazima la rangi ile ile, nikadhani kwenye umati hataona. Fundi asitambue gauni lake! Nilipoingia ukumbini alinitazama mara moja, akainamisha macho kwenye sahani yake, akaendelea kula. Hakusema neno siku ile, wala baadaye. Aliishi miaka kumi na moja tena, akawashonea majirani, akawashonea hata wake za majirani waliomkopa wasimlipe, lakini mimi hakunipima tena hata sketi. Alipofariki nililikuta lile gauni ndani ya sanduku lake. Alikuwa amefungua mshono wa mabega na kuushona upya, mpana. Kazi ya nusu saa, Placide. Angeniambia, "Mutoto, juu ya nini haukusema?" na tungeenda karamuni pamoja. Nimezeeka sasa, na bado nikisikia cherehani ya miguu inalia nyumbani kwa mtu, nasimama barabarani.

Basi, utafanya hivi. Jumamosi hii, si ijayo, weka vélo juu ya gari uende kwenu. Usiipande, Thierry amekuambia kweli na mimi sitaki kuzika mwalimu. Mwombe Thierry aje na ya kwake, yenye fourche inayocheza. Usichague Jumapili, papa yako atakuwa amevaa koti la misa na hutampata akiwa fundi. Ukifika, usianze na mafundisho. Anza hivi: "Papa, nilikosa. Nilikuletea kintu kipya na sikukuonyesha." Halafu nyamaza, mpe mikononi vélo ya Thierry, aibonyeze mwenyewe, aipandishe na kuishusha mara ishirini akitaka, awatukane waliotengeneza kitu kama hicho, ana haki. Akiuliza, jibu. Asipouliza, ngoja. Na kama Thierry ana mdomo wa kuanza tena mambo ya chukudu, auache nyumbani.

Vyuma avitoe yeye. Asishike mtu mwingine. Kola aikate yeye, na kama macho yanamsumbua, mshikilie kile anachokuambia ushikilie, kama zamani za beseni. Ile ekseli ya dukani aliyoitoa airudishe yeye, na aibonyeze ile breki ya sahani mpaka aridhike. Nakuhakikishia, kabla ya mchana atakuwa anajua fourche ile kuliko muuzaji wako, na kabla ya mwaka kuisha wale wenzako wa Kabare watakuwa wanampelekea za kwao. Porte-bagages mwachie aseme mwenyewe. Akisema ibakie, itabakia, utabebea mkoba wako na usilalamike.

Ile picha pia umwambie. Kwamba uliisukuma kwa miguu. Huwezi kusafisha nusu ya nyumba. Kuhusu Idjwi, vélo ikiwa tayari nenda, na umletee samaki. Isipokuwa tayari, kisiwa kile kimekaa ndani ya ziwa tangu zamani za mababu, hakitahama kwa sababu yako.

Na akikasirika? Anaweza kukasirika. Anaweza kukukaripia mbele ya Christine, mbele ya wauza makala, akakuita majina yote ya Mashi anayoyajua. Inamisha kichwa, mwanangu, uyapokee yote mpaka la mwisho. Papa yangu mimi hakunikaripia.

Maman Adolphine